UZI: Dakika 30 za kwanza soko likifunguliwa ndizo zinazotumaliza wenye mitaji midogo

MizaniMajengo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma mjini, kazi yangu ya kila siku ni nafaka, nina kibanda pale Majengo. Pembeni natredi, yaani nanunua na kuuza kwa kufuata bei, dhahabu na jozi mbili tatu za sarafu kwa simu, mtaji mdogo, huu mwaka wa tano. Nimefungua uzi huu kwa sababu wiki iliyopita vijana wawili wa mtaani kwetu wamechoma akaunti, hela karibu yote imekwenda, siku moja, wote kati ya saa 10 na nusu na saa 11 jioni, yaani nusu saa ya kwanza ya soko la hisa la New York. Mmoja alikuwa ametia hela ya kodi ya fremu ya kinyozi.

Nilikaa na huyo wa kinyozi, akanionyesha historia ya akaunti kwenye simu. Kilichoniuma ni kwamba mwelekeo alipatia. Alisema dhahabu itapanda, na ilipanda, hadi usiku ilikuwa juu kuliko alikolenga. Ila ilishuka kwanza dakika tatu tu, biashara yake ikafungwa kwa hasara, ndipo ikapanda bila yeye. Ananiuliza, "Kaka, nilikosea wapi?" Na kule kwenye magrupu ya signali, wanakouziana maelekezo ya lini ununue na lini uuze, jibu analopewa ni kwamba hana saikolojia. Hapana. Alikosea saa na alikosea ukubwa wa loti, yaani kipimo cha mzigo unaobeba kwenye biashara moja. Hayo mawili ndiyo nataka tuyaongee hapa kwa urefu, kwa sababu na mimi yalinimaliza.

Ilikuwa 2022, msimu wa alizeti, Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani. Wanaotredi wanaijua siku hiyo, kwa kawaida ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kwa saa zetu takwimu zilitoka saa 9 na nusu alasiri. Akaunti yangu ilikuwa na dola 300, karibu laki saba kwa wakati ule, na nusu yake ilikuwa ya kwenda kuchukulia magunia ya alizeti Kongwa. Nilinunua dhahabu loti 0.10 dakika mbili kabla. Stopu, lile agizo la kufunga biashara yenyewe bei ikikugeuka, nikaiweka dola 5 chini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: loti 0.10 ni aunsi 10, bei ikishuka dola 5 napoteza dola 50, nafunga simu narudi kwa wateja.

Takwimu zikatoka. Chati ikaganda kama sekunde mbili, kisha bei ikawa mahali pengine kabisa. Stopu yangu ilifanya kazi, lakini haikufunga pale nilipoandika. Ilifunga dola 9 na senti 40 chini. Dola 94 zimekwenda, si 50. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta na mama mmoja ananiuliza bei ya maharage ya njano, namwitikia tu "ndiyo mama" bila kusikia anachosema.

Hapo ningeacha, leo ningekuwa na hadithi fupi. Saa 10 na nusu New York wakafungua soko la hisa, dhahabu ikaanza kupanda kwa nguvu, nikasema hii ndiyo ya kurudisha. Nikaingia loti 0.20. Bei ikageuka. Kila dola moja iliyoshuka ilikuwa dola 20 kutoka kwenye dola 206 zilizobaki. Saa 10 na dakika 52 broka, kampuni inayotupitishia biashara, akanifungia mwenyewe kwa sababu marjini, yaani dhamana ya kushikilia biashara, imeisha. Zikabaki dola 31. Alizeti mwaka ule nilinunua kwa mkopo wa jirani.

Sasa kwa nini ufunguzi una fujo kiasi hicho? Ngoja nianzie ninakokujua vizuri, soko la nafaka la Kibaigwa.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mnunuzi wa mahindi pale, na likizo za shule nilikuwa nashinda naye. Magari yanaingia usiku, asubuhi soko linaanza. Gari la kwanza likifika kwenye mizani, dalali anataja bei ya juu, na siku zote kuna mnunuzi mmoja ambaye lori lake limelala pale siku mbili, dereva analalamika, na yeye analipa hiyo hiyo. Basi bei hiyo inasambaa soko zima. Wageni wanaingia nayo. Mjomba haguswi. Anakunywa chai na chapati mbili kwa yule mama wa kona, anahesabu magari yanayokunja kutoka barabara kuu ya Morogoro. Alikuwa anahesabu magari, bei haitazami kabisa. Ikifika saa 4, saa 4 na nusu, anajua mzigo ulioingia ni kiasi gani na wanunuzi wako wangapi, na hapo bei imeshatulia, mara nyingi imeshuka shilingi 30 au 40 kwa kilo. Kwa tani 10 ni laki tatu hadi nne, kwa kusubiri chai iishe.

Soko la hisa la New York ni vilevile, ila lina watu wengi na kompyuta. Usiku kucha, kwa saa zao, maagizo yanarundikana: aliyesoma habari mbaya anataka kuuza, mfuko mkubwa unataka kununua, mtu wa stopu yupo, wa kufidia hasara ya jana yupo. Yote yanakutana kengele ya kufungua soko ikilia. Wale wanaokaa katikati wakinunua na kuuza kwa kila mtu hawajui bado nani ana mzigo mkubwa, kwa hiyo wanajilinda: bei ya kununua na bei ya kuuza zinaachana. Hiyo ndiyo spredi inayotanuka. Dhahabu na sarafu haziuzwi kwenye jengo lile, lakini hela ni zile zile, na mtikisiko unafika huko sekunde hiyo hiyo. Bei ya dakika ya kwanza ni bei ya mwenye haraka. Ukiichukua, umelipa haraka ya mtu mwingine.

Naweka saa kwenye posti inayofuata maana nimeona wengi wanakosea hapo.

MizaniMajengo

Saa. Someni taratibu, kwa sababu sisi Tanzania hatusogezi saa, wao kila mwaka wanasogeza mbele saa moja, kisha wanairudisha.

New York inafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi ya kwao. Kwetu, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, hiyo ni saa 10 na nusu jioni. Miezi mingine ni saa 11 na nusu jioni. Takwimu zao kubwa, ajira na mfumuko wa bei, hutoka saa nzima kabla ya kengele: saa 9 na nusu alasiri, au saa 10 na nusu wakirudisha saa nyuma. London inafunguliwa saa 4 asubuhi yetu wakiwa wamesogeza, na saa 5 wasiposogeza. Na Ulaya wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna wiki mbili tatu Machi na wiki moja Oktoba ambapo Marekani na Ulaya hawako pamoja. Wiki hizo ukifuata mazoea umekwisha.

Mfano ambao siusahau: Machi 2020. Marekani walisogeza saa Jumapili tarehe 8. Kesho yake, Jumatatu tarehe 9, soko likafunguliwa huku mafuta yameporomoka na korona imeshaingia, indeksi ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikaanguka asilimia 7 na biashara yote ikasimamishwa dakika 15, kama sheria yao inavyotaka. Ilichukua dakika kama nne tu tangu kengele. Kwa saa zetu ilikuwa saa 10 na dakika 34. Aliyezoea saa 11 na nusu alikuta kila kitu kimeshatokea. Na mwezi ule soko lilisimamishwa hivyo mara nne: tarehe 9, 12, 16 na 18.

Kengele nyingine ambayo watu hawaihesabu ni ya usiku. Siku ya soko la sarafu inakatika saa kumi na moja jioni ya New York, yaani saa 6 usiku kwetu, au saa 7 usiku wakirudisha saa. Mabenki mengi hayapo, spredi inatanuka kwa dakika kadhaa. Umelala, bei haijaenda popote, lakini stopu yako iliyokuwa karibu imeguswa na spredi peke yake. Ukiamka unaona umetolewa na chati haionyeshi kosa. Kama unalala na biashara wazi, stopu ya karibu ya dola mbili tatu haifai.

Kijana_Singida

Mkuu asante kwa darasa. Ila mimi naweka stopu kila siku sikosi. Kwa hiyo hata soko likifunguka vibaya nimejikinga. Au naelewa vibaya?

MizaniMajengo

Ndugu yangu wa Singida, hapa ndipo penye moyo wa uzi wote, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Stopu si ahadi ya bei. Stopu ni maagizo kwamba *bei ikifika hapa, niuzie kwa bei yoyote itakayopatikana*. Neno ni hilo, yoyote. Soko likiwa limetulia, bei itakayopatikana iko jirani na uliyoandika. Soko likiwa linafunguliwa, jirani anaweza kuwa hayupo.

Tarehe 24 Agosti 2015, Jumatatu. Soko la China limeanguka usiku wa Marekani, New York wakafungua saa 10 na nusu yetu. Indeksi ya Dow, kipimo kingine cha hisa za Marekani, ikashuka pointi zaidi ya 1,000 ndani ya dakika chache tu. Hisa na mifuko inayouzwa sokoni ikasimamishwa mara zaidi ya 1,200 siku ile, karibu yote asubuhi yao. Kuna mifuko ilikuwa inauzwa chini sana kuliko thamani ya hisa zilizomo ndani yake, yaani gunia linauzwa rahisi kuliko mahindi yaliyomo. Stopu za watu wa kawaida, wastaafu, watu waliofuata kila ushauri, ziligeuka maagizo ya kuuza kwa bei yoyote, na bei yoyote ndiyo waliyopata. Muda mfupi baadaye bei nyingi zilikuwa zimerudi. Wao walikuwa wameshatolewa.

Na ule wa faranga ya Uswisi, tarehe 15 Januari 2015. Huo haukuwa ufunguzi wa soko lakini funzo ni moja. Benki kuu yao ilikuwa imeahidi euro haitashuka chini ya faranga 1.20. Asubuhi moja, kwetu saa 6 na nusu mchana, ikatangaza ahadi imeisha. Ndani ya dakika euro ikawa chini ya faranga moja. Waliokuwa na stopu 1.19 walifungiwa mbali sana huko chini. Wengine walibaki wanadaiwa na broka, yaani akaunti ilivuka sifuri ikawa deni. Kuna broka mkubwa wa Uingereza alifilisika wiki ile ile kwa sababu wateja hawakuweza kulipa.

Kwa hiyo mimi siku hizi nahesabu hivi. Kabla sijaingia, naandika hasara ya stopu. Kisha naizidisha mara tatu. Nauliza: ikija hii mara tatu, akaunti bado inapumua? Duka bado lina mzigo? Kama jibu linanishtua kwenye kiti, loti ni kubwa, naipunguza.

Tuchukue akaunti ya dola 200, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyonayo. Dhahabu loti 0.01 ni aunsi moja. Dola moja ya bei ni dola moja ya mfukoni. Stopu ya dola 5 ni hasara ya dola 5. Mara tatu ni 15. Inauma, lakini kesho upo. Sasa weka loti 0.10 kama mimi mwaka ule: stopu hiyo hiyo ni dola 50, mara tatu ni 150 kati ya 200. Hapo hujaweka stopu ndugu yangu, umeweka matumaini.

Wanaotangaza levereji ya moja kwa mia tano, yaani kubeba biashara ya mara 500 ya hela uliyoweka, wanaiita fursa. Levereji hiyo haibadilishi chochote kwenye soko. Inakuruhusu tu kubeba gunia ambalo mgongo wako hauliwezi. Ulaya mwaka 2018 waliwawekea wateja wadogo kikomo cha 30 kwa moja hata kwenye sarafu kubwa, na wakalazimisha kwamba mteja asidaiwe zaidi ya alichoweka. Walikuwa wameshaona ya 2015.

MzeeWaMpwapwa

Vijana mimi nawasoma tu. Hii ni kamari imevishwa suti. Mnaacha karanga na alizeti zinazoonekana kwa macho mnakwenda kubeti dhahabu ambayo hamjawahi kuishika. Huyo wa kinyozi aliyeweka kodi ya fremu, nani atamlipia? Mizani na wewe badala ya kumwambia aache unamfundisha saa ya kuingia.

MizaniMajengo

Shikamoo mzee wangu. Umesema neno zito na sitalikwepa.

Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilitoa takwimu mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wadogo kwenye hizi biashara za tofauti ya bei kama zetu hupoteza hela. Huko ambako kuna sheria na kuna wa kumshtaki. Kwa hiyo mzee, sisemi hapa kwamba watu waje. Anayeniuliza aanze au asianze, namjibu asianze. Huyo wa kinyozi nilimwambia akalipe kodi kwanza, na kaka yake amemkopesha, fremu ipo.

Lakini kuna walioko ndani tayari, wengi, na hawatatoka kwa kukaripiwa. Mimi nilikaripiwa na mke wangu mwaka mzima, nikawa natredi chooni. Kilichonitoa kwenye ule moto ni kujua hasa nini kinanichoma. Ukimwambia kijana "acha" anakuona adui, ukimwonyesha kwamba hasara zake tisa kati ya kumi zimetokea ndani ya nusu saa moja ya siku, anatulia na kuanza kuhesabu. Mimi nilihesabu za kwangu kwenye daftari la kaunta. Hasara kumi na saba, kumi na mbili zilikuwa ndani ya nusu saa ya London au New York. Kumi na mbili, mzee wangu. Nusu saa hiyo nimeikata na mengine sikugusa, na miezi iliyofuata akaunti ikaacha kuvuja.

Kuhusu hela za ada, kodi, mbegu, nakuunga mkono kwa asilimia mia. Hela yenye tarehe haiingii huku. Zangu za ada ziko UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi, nikizihitaji naomba naletewa. Hazitajirishi mtu haraka, lakini Januari ikifika zipo.

Dada_Nzuguni

Mimi nipo kwenye hisa za hapa nyumbani tu, kwa programu ya simu ya Hisa Kiganjani, nina CRDB na NMB kidogo. Je, haya ya ufunguzi yananihusu? Na kampuni mpya ikiorodheshwa, siku ya kwanza nikimbilie au nisubiri?

MizaniMajengo

Dada, karibu sana, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, shida yake ni kinyume cha hii. Kule New York unaogopa wingi wa watu mlangoni. Hapa unaogopa kukuta mlango wazi na ndani hakuna mtu. Zipo hisa ambazo siku nzima zinabadilishana mikono kidogo sana. Kwa hiyo usiweke oda ya soko ukasema "ninunulie tu". Andika bei yako, unayokubali kulipa, uiache ikae. Ikijibiwa leo sawa, ikijibiwa Alhamisi sawa. CRDB na NMB zina wanunuzi na wauzaji kuliko nyingi pale, hapo angalau unaweza kutoka ukitaka. Ila usinunue hisa ya DSE kwa hela utakayoihitaji mwezi ujao, maana kuuza kunaweza kukuchukua muda kuliko mwezi wenyewe.

Kuhusu siku ya kwanza ya kampuni mpya, nikupe mfano wa mbali. Facebook ilipoingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, tarehe 18 Mei 2012, bei iliyouzwa kwa waliojiandikisha ilikuwa dola 38. Mfumo ulisumbua, ufunguzi ukachelewa nusu saa, watu wameshika oda zao hawajui zimepita au hazijapita. Ilipofunguka, kwetu ni saa 12 na nusu jioni, bei ya kwanza ilikuwa dola 42.05. Aliyekuwa ameweka oda ya soko alilipa hiyo. Soko likafungwa dola 38.23. Aliyeandika "nitalipa 39, zaidi ya hapo sitaki" alilindwa na sentensi moja tu. Kampuni ilikuja kuwa kubwa sana baadaye, lakini yule aliyekimbilia mlangoni alikaa zaidi ya mwaka kabla ya kuona hela yake imerudi. Subiri dada. Kampuni nzuri itakuwa nzuri na Jumatatu ijayo.

Boda_UDOM

Wakuu na mimi nichangie. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Dar na treni ya mwendokasi, nimefungua biashara ya pauni, stopu sijaweka nasema nipo macho nitafunga mwenyewe. Saa 10 na nusu imefika tuko maeneo ya Kilosa, tunaingia kwenye mahandaki. Mtandao umekata. Umerudi, umekata tena. Nilipokuja kuipata chati vizuri niko minus dola 40 kati ya 110. Jirani yangu kwenye siti aliniuliza kama nimefiwa.

MizaniMajengo

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni hela ya mafuta ya wiki ngapi, naielewa.

Nimesema stopu si ahadi ya bei, lakini nisieleweke vibaya kwamba usiweke. Weka daima, na weka sekunde ile ile unayoingia. Stopu inakaa kwa broka, haikai kwenye simu yako. Simu ikizima, umeme ukikatika, treni ikiingia handakini, yenyewe ipo. "Nitafunga mwenyewe" inahitaji mtandao, chaji, macho na moyo, vyote vinne kwa pamoja, na wakati wa ufunguzi wa soko moyo ndio unaogoma wa kwanza. Unaona minus 10 unasema itarudi. Unaona minus 25 unasema sasa nimeshachelewa.

Na kama una safari, funga kabla ya safari. Mimi nikijua saa 10 na nusu nitakuwa barabarani au msibani, saa 9 sina biashara yoyote wazi. Hata kama iko faida. Hasa kama iko faida.

Kijana_Singida

Sasa mkuu tunaingia saa ngapi? Tukisubiri sana si treni inakuwa imeondoka?

MizaniMajengo

Mimi nasubiri nusu saa kamili tangu kengele. Saa 11 jioni wakati huu wa mwaka. Sisemi ndiyo sheria ya dunia, ni yangu, nimeipata kwa hela. Katika ile nusu saa naangalia vitu viwili tu: spredi imerudi kwenye kawaida yake ya mchana au bado, na ile bei ya juu na ya chini zilizowekwa dakika 30 za kwanza ziko wapi. Naziandika. Kama spredi ya dhahabu kwa broka wako kwa kawaida ni senti 25 na saa 11 kasoro bado inacheza kwenye senti 60, chai haijaisha, kaa.

Kisha naingia bei ikivuka moja ya zile mbili na kukaa, kwa oda yenye bei niliyoandika, nusu ya loti niliyozoea. Siku nyingi haivuki. Siku hizo sifanyi kitu, napima mchele wa watu.

Treni inaondoka, ndiyo. Kuna siku dhahabu imekwenda dola 30 ndani ya dakika ishirini na mimi natazama. Inauma, sitakudanganya. Lakini nimeangalia daftari: ile nusu saa iliyonikosesha faida mara moja moja ndiyo ile ile iliyokuwa inanifilisi kila baada ya miezi minne.

Dada_Nzuguni

Na Jumatatu? Mume wangu huwa anaacha biashara wazi Ijumaa mpaka Jumatatu.

MizaniMajengo

Mwambie shemeji afunge Ijumaa. Sarafu zinafunguliwa tena usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa 6 usiku au saa 7, na dhahabu saa moja baadaye. Kati ya Ijumaa na hapo kuna siku mbili za vita, uchaguzi, hotuba, na hakuna bei. Bei inaruka kutoka ilipofungwa hadi itakapofungukia, katikati hakuna kitu, ni gepu tupu. Stopu iliyokuwa katikati ya gepu inafungwa ng'ambo ya pili.

Tarehe 5 Agosti 2024 ilikuwa Jumatatu. Tokyo walifungua saa 9 usiku yetu. Siku ile Nikkei, kipimo cha hisa za Japani, ilianguka pointi 4,451, asilimia 12.4, hadi siku hiyo ilikuwa haijawahi kuanguka pointi nyingi hivyo kwa siku moja. Kesho yake Jumanne ikapanda zaidi ya asilimia 10. Sasa fikiria mtu wa loti kubwa: Jumatatu ametolewa chini, Jumanne anatazama soko likirudi karibu pale alipokuwa. Mwenye loti ndogo aliumia Jumatatu, na Jumanne alikuwepo. Wote wawili walikuwa na maoni yale yale kuhusu Japani.

Nimepata meseji za pembeni watu wanaomba signali. Sitoi signali wakuu, na anayewauzia signali muulizeni awaonyeshe historia ya akaunti yake ya kuanzia saa 10 na nusu hadi saa 11, miezi mitatu mfululizo.

Kesho ni Ijumaa ya ajira. Saa 9 kamili simu yangu inaingia kwenye droo ya kaunta, chini ya daftari la madeni, inatoka saa 11. Kijana wa Singida, kama una biashara wazi sasa hivi, ifanyie ile hesabu ya mara tatu usiku huu kabla hujalala, uniwekee hapa jibu. Dada, mkishamaliza kuongea na shemeji, aandike kwenye karatasi hasara zake zote za mwaka huu na saa ya kila moja. Jumapili baada ya ibada nitakuwa hapa, tuzihesabu pamoja.